Kitufe cha Bibi Ndeshi Siku ya Mgao

Juzi watoto wangu walinitumia fundi hapa Lemara aje kunifungia alamu. Wanasema presha yangu inawanyima usingizi, naishi peke yangu, siku nikianguka nani atajua. Fundi mwenyewe anaitwa Kelvin. Shikamoo yake aliitoa macho yakiwa kwenye simu, na marahaba yangu sina hakika kama ilimfikia. Akabandika kiboksi ukutani, akanivisha shingoni kamba yenye kitufe chekundu kama ng'ombe anayeogopwa kupotea, akabonyezabonyeza simu yake, akasema, "Bibi, iko poa. Kila kitu kimeshasetiwa."

Nikamuuliza: nikibonyeza hiki, nani anakuja? Akasema mfumo unatuma taarifa. Nikamwambia taarifa haina miguu, mimi naulizia mtu. Akatabasamu lile tabasamu mnalowawekea wazee, akanieleza polepole, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, kwamba siku hizi mambo yote yanakwenda mtandaoni na nisiwe na wasiwasi.

Nitamrudia Kelvin, maana siku yake haikuishia hapo. Lakini ninyi wenzake ndio ninaowaandikia, ninyi mnaobonyeza "ndiyo, ndiyo, ndiyo" bila kusoma mlichoulizwa, mnaoacha mipangilio kama ilivyotoka kiwandani, kisha mnapiga picha ukuta na kuondoka. Mimi Zainabu, binti wa Ngarenaro, nimefanya kazi ya alamu mpaka nikastaafu. Nimewaona mafundi wa kila namna, na sijawahi kuona watu wanaojiamini kama ninyi kwa kazi ambayo hawajaijaribu.

Niliingia kwenye kazi hii kwa kutolewa kwenye nyingine. Nilikuwa fundi redio katika shirika la umma, nina stashahada yangu na koti langu la buluu. Zikaja zama za ruksa, mashirika yakaanza kuuzwa, tukaitwa ukumbini tukaambiwa tumepunguzwa. Wenzangu wengi walifungua vibanda kwenye mtaa mmoja, wote wakiuza soda zilezile, kisha wakawa wanashangaa wateja wako wapi. Mimi nikatazama upande wa Njiro. Kule nyumba mpya zilikuwa zinaota, kila moja na ukuta wake na vipande vya chupa juu ya ukuta. Watu waliolala miaka yote mlango umeegemezwa kinu, sasa walikuwa na televisheni, dishi na hofu. Kampuni za ulinzi ziliifuata hofu hiyo, na moja ikaniajiri.

Kazi yenyewe haikuwa na uchawi. Kila nyumba ya mteja ilikuwa na boksi ukutani, na ndani ya boksi kuna redio ndogo na betri. Mlango ukivunjwa, moshi ukitanda, au mtu akibonyeza kitufe cha hatari, boksi linatuma ishara ofisini kwetu. Pale palikuwa na kompyuta moja tu. Inalia, aliyekaa mbele yake anasoma jina la mteja kwenye skrini, anaita gari la doria, walinzi wanakwenda. Mlolongo mzima ni huo, na ukikatika mahali popote, mteja amebaki na pambo la ukutani.

Programu ya kompyuta hiyo ilitoka ng'ambo. Aliyetuuzia alituambia tusiguse chochote, kila kitu kimeshapangwa na wataalamu. Wataalamu hao walikuwa wa nchi ambayo umeme ukikatika wanaandika gazetini. Huyo muuzaji sikumwona tena, na kama yu hai naamini bado anawaambia watu wasiguse chochote.

Niwape mfano wa mambo yaliyopangwa na wataalamu. Programu ilidai kila mteja awe na neno la siri. Alamu ikilia kwa bahati mbaya, tunampigia mteja simu, anatutajia neno lake, tunajua ni yeye na si mwizi aliyeokota simu. Neno zuri kabisa, huko lilikotungwa. Huku kwetu Mama Brian alichagua "Brian". Mama Neema akachagua "Neema". Njiro nzima ikachagua majina ya wazaliwa wa kwanza, na mtu wa masijala akayaingiza yote kwenye kompyuta huku anatabasamu. Sasa mwanamke anaitwa Mama Brian kutwa nzima, na muuza maziwa, na fundi bomba, na mwizi mwenyewe akiwa anapita barabarani. Mwizi gani atashindwa kulijua neno hilo? Tulipowaomba wabadilishe, Walutheri wote wakahamia kwenye "Yesu" na Waislamu wenzangu kwenye "Bismillahi". Nikawapangia mimi mwenyewe, kila mmoja jina la mboga au la chombo cha jikoni, na wengine wameninunia mpaka leo.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Anaeli, Mmeru aliyejifunzia redio kwenye shamba la kahawa. Alikuwa na mdomo mbaya. Jina langu hakulitumia, aliniita Stashahada. "Stashahada, shika ngazi." "Stashahada, mbona waya wako unacheka?" Ukikosea hakukuambia umekosea wapi, alisema "rudia" na kugeuka. Siwashauri mfundishe hivyo. Nilipoteza miezi kwa mambo ambayo angeweza kuniambia katika dakika ya kunywa maji, na nilimwambia hivyo siku anastaafu, naye akanijibu kwamba miezi hiyo ndiyo iliyonikaa.

Lakini alikuwa na utaratibu mmoja ambao nauheshimu mpaka kesho. Hakuondoka nyumbani kwa mteja mpaka amebonyeza kila kitufe na gari la doria limefika na walinzi wamegonga geti. Wala hakutoa taarifa ofisini kwamba anajaribu. Walinzi wanafika wanahema, marungu mkononi, wanamkuta Mzee ameketi juu ya ndoo anatafuna muwa. Anawaambia wamechelewa, anafunga mkoba wake, tunaondoka. Walinzi walimchukia na meneja alimchukia zaidi, kwa sababu ya mafuta ya gari. Yeye alisema king'ora kikilia amejaribu king'ora, kompyuta ikilia amejaribu kompyuta, ila mteja hakununua vitu hivyo, alinunua watu wafike.

Pale Njiro tulimfungia alamu mama mmoja mtu mzima, Bibi Ndeshi, mkunga mstaafu. Alivunjika nyonga kwenye migomba yake huko mlimani, mwanawe akamteremsha aje kuishi naye mjini. Mwana na mkewe walishinda kazini, dada wa kazi alikwenda sokoni, bibi akabaki na fimbo yake na ukuta mrefu. Nilitaka kitufe cha bafuni nikiweke karibu na swichi ya taa, kama tulivyokuwa tukiweka kwingine kote. Mzee Anaeli akaniambia, "Lala." Nikamwuliza nilale wapi. Akaonyesha sakafu. Nikalala kwenye saruji na koti langu la kazi, akaniambia ninyooshe mkono kama mtu ambaye mguu haumtii. Pale vidole vyangu vilipofika ukutani akachora alama kwa penseli, na kitufe kikakaa hapo, karibu na sakafu. Bibi Ndeshi alikuwa mlangoni anatazama. Akaniuliza, akibonyeza, kweli watu watakuja? Nikamwambia watakuja, Bibi. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu.

Ikaja miaka ya mgao wa umeme. Ninyi mnaujua mgao wa kusimuliwa. Ule ulikuwa mgao wa ratiba, leo mtaa huu, kesho ule, asubuhi mpaka jioni. Na zile boksi zetu, umeme ukikatika, zilikuwa na kazi ya kututaarifu: umeme umekatika. Ukirudi: umeme umerudi. Kule ng'ambo ishara hiyo ni jambo zito, pengine mwizi amekata waya, kwa hiyo wataalamu waliipa rangi nyekundu na mlio uleule wa kitufe cha hatari, mlio wa mtu anayechinjwa. Siku ya mgao Njiro ilizimika yote kwa mara moja, na boksi zote zikapiga kelele kwa mara moja. Skrini ikawa nyekundu juu mpaka chini. Binti aliyekaa kwenye kompyuta, Happiness, alipaswa kubonyeza kukubali kila ishara moja moja. Alibonyeza mpaka akalia machozi. Ndani ya rundo hilo kama kungekuwa na nyumba inayoungua, angeifikia baada ya nyumba kuwa majivu.

Kwa hiyo msiniambie hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwepo. Ninachokidharau ni dawa iliyopatikana.

Meneja wetu wa shughuli aliitwa Bwana Festo. Hakuwa mjinga, na sina ugomvi na shule aliyosoma, mimi mwenyewe shule ndiyo iliyonilisha. Aligundua kwamba programu ina kitu kinaitwa hali ya majaribio. Ukiweka nyumba kwenye hali hiyo, ishara zake kompyuta inazipokea na kuzimeza kimya kimya, fundi anafanya kazi yake bila kusumbua mtu. Tena unaweza kuweka kundi zima la nyumba kwa mkupuo. Basi Bwana Festo akaitundika ratiba ya mgao ukutani, na kila Njiro ilipofika zamu yake, asubuhi anaiweka Njiro yote kwenye majaribio, jioni anaitoa. Mimi na Mzee tulikuwa Usa River wakati huo, tunafunga alamu za maghala kwenye shamba la maua, kwa hiyo habari hiyo hatukuwa nayo. Tuliporudi tulikuta ofisi imetulia mno. Happiness alikuwa anashona kitambaa cha kufunikia kompyuta.

Kitambaa hicho nacho nikiseme kidogo. Watu wetu hawawezi kuona chombo cha bei hakijafunikwa kitambaa. Redio kitambaa, televisheni kitambaa, kiti cha mgeni kitambaa. Happiness alikiweka kile chake kikaziba matundu ya kupitisha hewa, kompyuta ikapata joto ikazimika, na fundi aliyeitwa kutoka mjini akabadilisha kila kitu ndani isipokuwa kitambaa. Mnacheka, ila nimeona mitambo yenu imefungiwa kabatini pasipo hewa kwa sababu mwenye nyumba hapendi kuona waya.

Turudi Njiro. Siku moja ya mgao tulikwenda kwa Bibi Ndeshi kutazama betri, maana betri za boksi zilikuwa zinachoka haraka kwa mgao. Mzee akamaliza, akabonyeza kitufe kama kawaida yake, akatafuta ndoo akaketi. Tukangoja. Muwa ukaisha. Gari halikuja. Mimi nikasema nipige simu ofisini, simu ya mezani ilikuwa pale sebuleni. Mzee akaniuliza kama bibi akianguka bafuni ataifuata simu sebuleni. Tukaendelea kungoja.

Bibi Ndeshi akatoka na fimbo yake, akatuhurumia. "Wanangu, msijisumbue. Leo si siku ya mgao?"

Mzee akamwambia mgao hauhusiani, boksi lina betri yake.

"Mh. Mimi najua umeme ukienda, na alamu imekwenda," akasema. "Nilishabonyeza siku ile, hawakuja. Ndipo nikajua."

Nikamuuliza siku ipi. Akatueleza kama anayeeleza habari za kuku. Aliteleza bafuni, dada yuko sokoni, nyonga ile ile. Alilala kwenye saruji yenye maji tangu asubuhi mpaka dada aliporudi, muda wote anabonyeza kitufe changu cha karibu na sakafu, na hakuna aliyegonga geti. Bibi hakumwambia mwanawe ukweli wote, asije akaacha kazi amlinde. Ofisini kwetu hakusema kwa sababu, haya ni maneno yake, "Ninyi vijana mlihangaika sana siku ile ya kufunga. Niwaseme kwa bosi wenu mfukuzwe? Umeme ni wa serikali."

Nilisikia masikio yanawaka kwa aibu, na aibu ikageuka hasira hapohapo. Mzee Anaeli alifungua boksi, akabonyeza tena, akanionyesha taa ya kurusha ishara inawaka. Ishara ilikuwa inatoka. Kulikuwa na mtu upande wa pili aliyeimeza.

Ofisini hatukuhitaji uchunguzi mrefu. Tulimuuliza Happiness, akatuonyesha Njiro iko kwenye majaribio, akashangaa tunavyoshangaa. Bwana Festo akasema kinachozimwa ni ishara za umeme tu. Nikamwonyesha kwamba majaribio hayachagui, yanameza umeme, yanameza mlango, yanameza moto, yanameza na kitufe cha hatari. Akaguna. Kisha akatoa hoja ambayo nimeisikia tena kwa mabosi wengine mpaka nastaafu:

"Tangu tuanze utaratibu huu, hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika."

Na alikuwa anasema kweli, hilo ndilo lililonichoma. Hawakulalamika kwa sababu watu wetu wamezoea. Umeme ukikatika, pampu ya maji imekufa, friji imekufa, mashine ya kusaga imekufa. Nani atauliza kwa nini alamu imekufa? Njiro nzima ilikubali kwamba hata kuokolewa kuna mgao. Bwana Festo akasema kama kuna lalamiko, mteja aliandike. Mzee Anaeli akamtukana kwa Kimeru, nami nikashukuru kwamba meneja alitokea mkoa mwingine.

Nilirudi kwa Bibi Ndeshi, nikamweleza yote, pamoja na hilo la kuandika. Akafikiri kidogo. Akaniambia nimfikishie bosi salamu zake, amekaribishwa chai. Aje siku ya mgao, siku zenye umeme yeye ana shughuli.

Bwana Festo alikuja, mimi na Mzee tukamsindikiza. Mtu aliyelelewa vizuri hakatai mwito wa bibi mwenye fimbo, na nadhani aliona ni nafasi ya kumtuliza mteja. Akaingia na tai yake, akainama, akatoa shikamoo nzuri. Bibi akaitikia, akamkalisha, akamletea loshoro, mahindi ya kukoboa na maziwa ya mgando, bakuli kubwa. Kisha akamwomba abonyeze kitufe kilichokuwa karibu na kochi.

"Bonyeza wewe, baba. Mimi mikono haina nguvu, isije ikasemwa sikubonyeza vizuri."

Akabonyeza, anatabasamu. Bibi akamwita dada, akamwagiza afunge geti kwa kufuli na ufunguo amletee yeye. Akautia kifuani. Akamwambia Bwana Festo kwamba watakunywa chai mpaka walinzi wake waje kuwafungulia.

Bwana Festo alicheka. Sisi hatukucheka. Akala loshoro. Akazungumzia hali ya hewa, akasifu maua. Akatazama saa. Baadaye akasema ana kikao, akaomba atumie simu kidogo.

"Simu ile pale," Bibi Ndeshi akamwambia. "Ila mimi siku ile nilikuwa bafuni, na simu haikunifuata. Keti, baba."

Akaketi. Angefanya nini, amsukume mkunga mstaafu aliyevunjika nyonga? Tukakaa. Mchana ukapita. Chai ikaongezwa. Chai ikiongezwa sana, mwanadamu anahitaji kujisaidia, na bibi akamwelekeza bafuni.

Alikawia huko. Nilijua anaona nini, kwa sababu nami nilikwenda kukitazama kitufe changu ile siku alipotusimulia. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa nyeupe, na pale chini, kuzunguka kitufe, chokaa ilikuwa imechafuka na kuchubuka, michirizi ya vidole inapanda, inateleza, inapanda tena. Dada alikuwa amesugua, haikutoka.

Bwana Festo aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka. Hakuketi. Akauliza, "Ulibonyeza mara ngapi, Bibi?"

"Sikuhesabu, baba. Nilikuwa nabonyeza huku nasali."

Bibi akatoa ufunguo kifuani akampa. Hakutaka tena kungoja walinzi. Bwana Festo alisimama ameushika, kisha akapiga magoti mbele ya yule mama, na tai yake ikaingia kwenye bakuli la loshoro. Kwetu sisi hakuwahi kuomba radhi. Nilimdharau kwa mengi, lakini kwa goti lile sikumdharau.

Tulipangua kila kitu. Sikilizeni hapa, maana hiki hamtakisoma kwenye karatasi inayokuja na boksi. Ishara ya umeme tuliishusha ikae chini kabisa: iandikwe, isilie. Tulichotaka kilie ni betri ya boksi kuchoka, kwa sababu hapo ndipo mteja anabaki bila kinga. Kitufe cha hatari na moto tuliviweka peke yao, mlio wao, rangi yao, na kompyuta ikanyimwa uwezo wa kuvizima kwa mkupuo. Majaribio yakawa ya nyumba moja moja, tena yanaisha yenyewe baada ya muda mfupi hata fundi akisahau, kwa sababu fundi husahau. Na ilimradi nyumba iko kwenye majaribio, jina lake linabaki linawaka juu ya skrini ili kila anayeingia chumbani aulize kwa nini.

Kisha tukazunguka kwenye boksi zenyewe, nyumba kwa nyumba. Kila moja tukaipangia muda wake wa kusubiri kabla ya kutangaza habari za umeme, nyingine kidogo, nyingine zaidi, zisiongee zote kwa pamoja. Zikiongea pamoja kwenye masafa yale yale zinafunikana sauti, na kompyuta iwe nzuri namna gani haisikii kitu. Kitufe cha hatari tu ndicho hakisubiri, kinaita na kurudia kuita mpaka kiitikiwe.

Mwisho tukafanya jambo ambalo kompyuta haiwezi. Tuliwaambia wateja kwamba alamu haina mgao, na siku ya mgao iliyofuata tukawaomba wabonyeze. Njiro ikabonyeza. Gari la doria lilikimbia mpaka likatoa moshi, walinzi wakatukana, mbwa wakaingia wazimu. Mzee Anaeli alikaa juu ya ndoo yake kwa Bibi Ndeshi, geti likagongwa, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akicheka na meno. Kampuni ikawaandikia wateja kwamba imeboresha huduma zake. Imeboresha! Neno hilo nikilisikia mpaka leo natema mate.

Sasa Kelvin.

Aliposema iko poa, nilinyanyuka polepole nikafunga geti kwa kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Nikamletea uji na maandazi. Nikabonyeza kitufe cha shingoni, nikamwambia, kaa, baba, tungoje watakaokuja. Akacheka kama Bwana Festo, akala kama Bwana Festo. Baadaye akaanza kutazama geti. Mimi huku naongea naye habari za ukoo wake, huku kidole kiko kwenye kitufe, nabonyeza na kubonyeza.

Begi lake lilikuwa sakafuni, na kila nikibonyeza lilinguruma kidogo, kama nyuki aliyefungiwa kopo. Nilimwacha mpaka akalisikia mwenyewe. Akatoa humo simu ya pili, ya kazini. Alikuwa ameizima mlio kwa sababu, alijitetea, wateja wanasumbua. Kumbe wakati wa kuseti aliweka namba hiyo kwa ajili ya kujaribia, akasahau kuiondoa na kuweka namba za walinzi na za wanangu. Ningeanguka usiku ule, ningekuwa naliita begi.

Nikafungua mdomo nimseme vizuri, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi. Kisha nikamwona uso. Alikuwa anashusha kidole kwenye skrini, anapita jina langu, anaendelea chini. Kulikuwa na majina mengine.

"Bibi," akasema, "kuna mzee wa Usa River. Alibonyeza jana."

Nikafungua pindo la kanga. Vidole vyangu havifungui haraka siku hizi, na alisimama mbele yangu begi begani mpaka nikaweza. Hakuaga. Nilisikia pikipiki inaondoka, nikakaa barazani na presha yangu, nikawa namwona Bibi Ndeshi kwenye ile saruji.

Jioni alipiga simu. Yule mzee wa Usa River ni mzima, aliniambia, alihisi kizunguzungu tu, akalala kitandani kikaisha. Alibonyeza, akangoja, hakuona mtu. Kelvin alimuuliza kwa nini hakupiga simu kulalamika, na mzee akamjibu kwa upole kwamba alidhani bando limeisha.

Hilo sikumfafanulia Kelvin. Nilimwacha ayasikie mwenyewe maneno aliyonisimulia, ndipo nikamwambia aje kesho asubuhi, kwa sababu mimi bado sijafungiwa alamu.